Baridi ya Roma imo ndani ya nyumba

Mwanafunzi anayetoka Dar es Salaam au Mombasa akisikia kuwa Januari Roma ni nyuzi 12 mchana na 2 au 3 usiku, hukimbilia kununua koti zito. Anayetoka Njombe au Limuru hucheka tu. Wote wawili wanapigia hesabu nje, na nje si tatizo: unatembea, na jua mara nyingi lipo. Baridi itakukuta umekaa kitako, chumbani au kanisani juu ya sakafu ya marumaru.

Sheria ya Italia imegawa nchi katika kanda kwa kadiri ya baridi, na Roma iko kanda D. Mitambo ya kupasha majumba joto huwashwa kuanzia 1 Novemba hadi 15 Aprili, kwa muda usiozidi saa 12 kwa siku, na kiwango cha ndani ni nyuzi 20. Kwa hiyo kabla hujasaini mkataba wa chumba, uliza: ni centralizzato au autonomo? Ya kwanza ni mtambo mmoja wa jengo zima. Ratiba si yako, na ukikesha kwa ajili ya mtihani utakesha na blanketi. Ya pili una boila yako na saa unajipangia, ila bili ya gesi nayo ni yako. Uliza pia kama joto limo ndani ya kodi.

Chuma cha joto ukutani huitwa termosifone. Ukikishika ukakuta chini moto na juu baridi, kimejaa hewa. Tafuta skrubu ndogo upande wa juu pembeni, kinga kikombe, ilegeze taratibu. Itatoa mluzi, kisha itatema maji. Hapo hapo ifunge. Kama mtambo ni wa jengo, mwambie kwanza msimamizi.

Usianike nguo mbichi juu ya chuma hicho halafu ukafunga kila kitu. Ule mvuke hauendi popote, unatua kwenye ukuta wa nje ulio baridi, nyuma ya kabati, na baada ya wiki chache kuna kuvu jeusi. Vuta kabati kidogo kutoka ukutani, na kila asubuhi fungua dirisha wazi kwa dakika kama 10.

Halafu kuna hita ya umeme. Nyumba nyingi hupewa kilowati 3 tu. Hita ya wati 2000 ikiwaka, mwenzako akachomeka birika la wati 2000, giza. Mita imekata umeme, na mara nyingi ya kuiwasha tena iko chini kwenye mlango wa jengo, nawe uko ghorofa ya tano na ndala. Blanketi la umeme hula kidogo sana, na joto linakaa pale unapolihitaji.

Mavazi: fulana ya mikono mirefu inayobana, sweta, na koti jepesi linalozuia maji na upepo. Viatu viwe na soli ya mpira yenye meno, maana mawe ya barabarani, sanpietrini, yakilowa ni kama sabuni. Novemba ndio mwezi wa mvua kubwa. Majani ya miti huziba mifereji na vivuko hugeuka madimbwi. Upepo wa tramontana ukivuma kutoka kaskazini, anga linakuwa safi kabisa na nyuzi 8 zinauma masikio. Theluji usiihesabu: ilianguka Februari 2012 na Februari 2018, jiji likasimama.

Desemba jua linazama saa kumi na dakika arobaini. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, hivyo nyumbani wanakutangulia kwa saa mbili. Ukipiga simu saa tatu usiku, kwao ni saa tano.

Na mwavuli beba hata pasipo wingu. Jioni, kwenye miti ya Termini, stesheni kuu ya treni, na kando ya mto Tiber, hulala makundi makubwa ya ndege weusi, jamaa ya kwenzi. Utaona lami imekuwa nyeupe chini ya mti. Usipite hapo kichwa wazi.