Mwanangu, pasipoti ile niliisoma kwa sauti

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Nimeona nikuandikie, maana jambo lenyewe ni refu na kwa simu tungekatishana.

Unasema mlikuwa mnakunywa chai baada ya zamu, hapo kwenye nyumba ya wazee Leicester, mwenzenu mmoja Mwingereza akasema nchi imejaa. Binti yake anasubiri nyumba ya halmashauri mwaka wa nne huu, na daktari kumpata ni kwa bahati. Yule dada wa Jamaica akamjibu kwamba babu zake walikwenda kwa watu bila viza wala hodi, kwa hiyo leo hana mdomo wa kulalamika. Kisha wote wakakutazama wewe, nawe ukanyamaza. Sasa unaniuliza: "Mama, wana haki ya kutufungia mlango baada ya yote waliyotufanyia?"

Haki ya kuamua ni wangapi waingie wanayo. Nakwambia hivyo mwanzo kabisa, sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kila nchi inayo haki hiyo, hata yetu. Haki wasiyokuwa nayo ni ya kumwandikia mtu ahadi kisha waikane siku anapofika mlangoni. Hilo nililiona kwa macho yangu nikiwa na miaka tisa.

Umekulia kando ya cherehani yangu ya Singer na hujawahi kuniuliza ilikotoka. Ilikuwa ya mafundi wawili Wahindi, ndugu wa baba mmoja, waliokuwa na duka karibu na Mwembe Tayari, Mombasa. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, wengi wa watu kama wao walipewa miaka miwili ya kuomba uraia wa Kenya. Sensa ya 1962 ilikuwa imewahesabu kama 177,000 nchini. Wengi hawakuomba. Walibaki na pasipoti za Uingereza, kama mtu anavyoweka ufunguo wa nyumba ya pili, kwa sababu Uingereza yenyewe ndiyo iliyowaachia ufunguo huo. Mwaka 1967 serikali yetu ikaleta sheria ya vibali vya kazi na sheria ya leseni, asiye raia asiuze bidhaa fulani wala kufanya biashara sehemu fulani. Watu wakaanza kujaza ndege Embakasi.

London wakaingiwa na hofu. Mwisho wa Februari 1968 Bunge lao lilipitisha sheria kwa siku tatu tu. Kuanzia tarehe 1 Machi, mwenye pasipoti ile hakuruhusiwa tena kuingia moja kwa moja, mpaka awe na uhusiano na kisiwa chenyewe: amezaliwa huko, au mzazi wake, au babu yake. Mzungu wa Nakuru hakuguswa. Wahindi wakatengewa vocha 1,500 za kuruhusiwa kuingia kwa mwaka, kwa wakuu wa familia.

Yule fundi mdogo aliwahi. Aliondoka na gari moshi la jioni wiki ile ya mwisho, mkewe amevaa makoti mawili kwenye joto la Mombasa. Kaka yake alibaki nyuma siku chache ili auze duka, na mlango ukafungwa. Akawa hana leseni, hana vocha, akishinda kwenye kibaraza chetu akishonea watu viraka. Siku moja aliniita kwa kuwa nilikuwa nimeanza kusoma Kiingereza shuleni. Akaitoa pasipoti kwenye mfuko wa nailoni, ya buluu nzito yenye nembo ya dhahabu, akaniambia soma hapa. Nikasoma kwa sauti, nikijikwaa kwenye maneno makubwa. Ilikuwa imeandikwa kwa jina la Malkia, ikiwataka wote wanaohusika wamruhusu mwenye pasipoti hii apite bila kizuizi. Akanikatiza, akaniuliza, "Wote ni nani?" Sikujua la kumjibu. Alifunga mfuko ule kwa uzi, mafundo mawili, akarudi kwenye viraka vyake.

Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba kuwabagua watu wale kwa rangi yao namna ile kulikuwa ni kuwadhalilisha. Yeye vocha yake ilifika mwaka uliofuata. Miaka sita, mwanangu.

Na sisi mikono yetu si safi. Duka lile alilinunua babu yako, kwa bei ya kutupa, kwa sababu muuzaji hakuwa na muda wa kubishana. Ndilo lililonisomesha mimi mpaka chuo cha ualimu. Nakumbuka watu wazima mtaani wakifurahi, "waende kwao", na wale watu kwao palikuwa ni hapa. Baba yangu hakulizungumzia, lakini kila fundi yule alipokuja kibarazani, alimtolea kiti mwenyewe, hakuwahi kututuma sisi watoto. Kwa hiyo unaposema "waliyotufanyia", uweke pembeni na yale tuliyowafanyia wengine. Madhambi ya wakoloni hayapungui hata chembe kwa kufanya hivyo.

Sasa neno "imejaa". Hilo babu yako alikuwa akilijua vizuri. Yeye alishuka kutoka Taita akiwa na kipande shingoni, kile kitambulisho ambacho serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume wa Kiafrika kukibeba. Milimani kwao watu walibanana kwenye vishamba vya mteremko, na bondeni palikuwa na mkonge wa mzungu. Katika miaka ile ya 1930 maafisa waliandika kwamba hifadhi, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika kuishi, zimejaa watu na udongo unamomonyoka. Lilikuwa kweli. Lakini tume iliyoketi kuanzia 1932 ilithibitisha pia zaidi ya maili za mraba 16,000 za nyanda za juu kuwa za wazungu, ambao wakulima wao walikuwa elfu chache tu. Watu walikuwa wamejaa kweli, kwa sababu kuna aliyechora mipaka ikawa hivyo. Tangu hapo nikisikia mahali pamejaa, huwa nauliza nani aliyepima na nani aliyepanga.

Lakini usimwambie mwenzako kwamba hasemi kweli. Mimi Januari 2003, elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo, niliingia darasani nikakuta watoto zaidi ya sabini kwenye madawati ya arobaini. Wengine walikaa sakafuni, na mmoja mrefu kuliko mimi alikuwa akianza darasa la kwanza. Haki yao ya kuja ilikuwa kamili. Na mzazi aliyelalamika kwamba mwanawe hasikii kinachofundishwa alikuwa na haki vilevile. Madawati hayakuletwa, na aliyetakiwa kuyaleta hakuwa mtoto wala mzazi. Huko kwenu, katika mwaka mmoja ulioishia Juni 2023, walioingia waliwazidi walioondoka kwa zaidi ya 900,000. Hao ni watu wengi, usiudharau wingi huo. Wanafunzi wamo, Waukraine wamo, na ninyi mlioitwa kulea wazee baada ya viza hiyo kufunguliwa Februari 2022 mmo. Serikali ndiyo iliyoita. Nyumba za kuwalaza watu na madaktari wa kuwatibu ilikuwa kazi yake hiyohiyo.

Yule mama Mwingereza ana haki ya kuidai kazi hiyo. Bibi yake, nadhani, alikuwa akifua nguo za watu. Kenya hakuijua hata kwenye ramani. Mkonge wa Taita haukumfikishia yeye chochote. Ndiyo maana jibu la dada wa Jamaica lilimpata mtu asiye wake, ingawa uchungu wake naufahamu. Wazee wake waliingia Uingereza kihalali kabisa, kwa sheria ya uraia ya 1948, kisha ikaja kugundulika kwamba Wizara ya Mambo ya Ndani iliharibu kadi zao za kuingilia mwaka 2010, na kufikia 2018 watu waliokuja wakiwa watoto walikuwa wamepoteza kazi, wengine wamefukuzwa nchini, kwa kukosa karatasi.

Deni la ukoloni mimi silioni kuwa tiketi ya kila mtu aliyetawaliwa. Ni deni lenye majina na karatasi zake. Wakitaka kulilipa wanajua: tangu Januari 2021 watu wa Hong Kong, koloni lao la zamani, wenye pasipoti maalumu za Uingereza walifunguliwa njia, na nchi haikuzama. Kufunga nako hakukuwatuliza. Wiki saba tu baada ya sheria ile ya 1968, mbunge wao mmoja, Enoch Powell, alisimama Birmingham akatoa hotuba iliyowatia watu hofu kuliko mwanzo.

Kinachoninyima usingizi ni jambo lako wewe. Ulipoondoka, uliambiwa miaka mitano ya kazi ndipo uombe ukaazi wa kudumu. Mei 2025 wakatangaza wanataka iwe kumi, na ubishi ukawa kama itawagusa hata waliokwisha kuingia. Kwa atakayekuja kesho, waweke hata ishirini, ataamua mwenyewe kama atafunga safari. Kukubadilishia wewe ukiwa njiani ni jambo jingine, na hilo lisemeni kwa sauti, wewe na wenzako wote, hata huyo mama umwambie mezani. Huenda akakusikia. Ndiye anayekuona ukiwageuza wazee saa tisa za usiku.

Na tafadhali, leo hii, piga picha kila barua ya viza, kila mkataba, kila hati ya mshahara tangu siku uliyofika, unitumie. Nitazichapisha hapo mjini nizitie kwenye droo ya cherehani. Nimeshaitoa mikasi na vifungo, nimeitandika karatasi safi.

Nakuombea usiku na mchana.

Mamako