Jibu: Niache ajira ya kudumu nikafundishe chuo kikuu Ujerumani?
Mkuu, usiache kazi. Omba likizo bila malipo, barua ya ruhusa iwe mkononi ndipo usaini huko. Umesema mkataba ni wa miaka 3 na wamekuahidi "utaongezwa". Hapo ndipo wengi wanapoumia. Ujerumani wana sheria ya mwaka 2007: mikataba ya muda kwa wanataaluma ina ukomo, kwa kawaida miaka 6 kabla ya PhD na 6 baada yake. Ukilipwa na mradi wa wafadhili unaweza kuvuka ukomo huo kidogo, lakini nafasi za kudumu ni za kugombania kweli kweli, hata kwa wenyeji.

Darasani hutasumbuka. Kipindi cha saa 4:00 mara nyingi huanza 4:15, ndiyo desturi yao. Ukimaliza mhadhara wanafunzi watagonga meza kwa vifundo vya vidole, usishtuke, wanakupongeza. Kasheshe ni vikao vya idara: Kijerumani mwanzo mwisho, na ukikaa kimya unabebeshwa vipindi walivyovikwepa wenzako. Anza kozi ya lugha sasa, ukiwa bado nyumbani.

Halafu huo mshahara waliokutajia, waulize baada ya makato unabaki na ngapi.