Bunduki ya mwaka 1918, pasi ya nguo na matambara yaliyotaka kuniunguzia gereji

Babu yangu alikuwa Keya, askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Mwaka 1944 alikuwa Bama (Myanmar ya leo), na aliporudi nyumbani hakupenda kusimulia vita. Alichopenda kusimulia ni bunduki. Aliiita "thrii-o-thrii", na alisema jioni palipokuwa na nafasi alikipaka kitako chake mafuta kwa kiganja, akisugua mpaka mkono upate moto. Sisi wajukuu tulijua mzee anatia chumvi.

Basi miaka mitatu iliyopita, hapa Minnesota ninakoishi, nikaikuta Lee-Enfield kuukuu, ndiyo ile thrii-o-thrii ya babu, imeegeshwa kwenye kona ya duka la silaha. Ilikuwa No. 1 Mark III*. Kwenye shingo ya chuma inayoshika kitako kulikuwa na mhuri wa taji, herufi BSA Co. na mwaka 1918, maana yake ilitengenezwa Birmingham, Uingereza, wakati vita vya kwanza vikielekea kwisha. Nikajaza fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia silaha, nikasubiri wamalize kunikagua, nikaondoka nayo.

Bei ilikuwa ya chini kwa sababu ilikuwa imeharibiwa. Mwindaji fulani zamani alikuwa ameukata mti wa mbele ili iwe nyepesi, kisha akaipaka vanishi nzito inayong'aa kama meza ya gesti. Hilo ndilo lililonipa ruhusa ya kuigusa. Ukipata iliyokamilika, yenye mbao zake zote za jeshi na mihuri yake, iache kama ilivyo. Msasa wa dakika kumi utaondoa thamani ambayo hutairudisha, na wakusanyaji watakucheka.

Kwa ndugu zangu walioko Kenya: haya si ya kujaribia huko. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haina mzaha, na kazi ya bunduki hufanywa na mwenye leseni. Lakini mambo ya mbao nitakayoeleza yanafaa hata kwa kiti cha babu yako.

Vifaa vyangu vilikuwa bisibisi mbili, moja fupi na moja ndefu, msasa, pasi ya nguo, stili wulu laini kabisa ya namba 0000, tapentaini, mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) na fulana zilizochakaa. Sikuwa na jiliwa wala mashine yoyote. Bolti (komeo linalofunga chemba), chemba yenyewe (tundu inamokaa risasi) na kifyatulio sikuvigusa. Hivyo nilimpelekea fundi bunduki apime kama bolti inafunga sawasawa, kwa sababu bolti za bunduki hizi hulinganishwa na mwili wake na hazibadilishwi ovyo. Tazama namba iliyo kwenye mkono wa bolti. Kama hailingani na ya mwilini, usipige risasi hata moja kabla ya fundi kuiona.

Kabla ya yote, toa magazini, toa bolti, chungulia chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi zikae chumba kingine. Mimi hufanya hivyo hata nikijua fika kwamba haina kitu.

Sasa kuna mtego mmoja wa Lee-Enfield hii ambao ungenigharimu kama mzee mmoja jirani yangu asingenizuia. Kitako kimeshikwa na parafujo ndefu inayopita ndani yake, nawe huifikia kwa bisibisi ndefu kupitia tundu la nyuma. Ncha ya mbele ya parafujo hiyo ni ya mraba, na imekaa ndani ya bati dogo lililo kwenye mti wa mbele. Ukianza kuizungusha kabla hujautoa mti wa mbele, ile ncha itageuka na kuupasua. Anza mbele, malizia nyuma. Na bisibisi ijae kwenye mfereji wa parafujo. Ikilegea itateleza na kuacha kovu ambalo utaliona kila siku. Yangu moja niliipunguza kwa tupa mpaka ikakaa.

Vanishi ilitoka kwa dawa ya kutolea rangi, nje uani, na glavu mkononi. Chini yake ndipo nilipokutana na kazi yenyewe: mbao ya walnati iliyolowa mafuta ya miaka mingi, nyeusi tii pale inapokutana na chuma. Ilikuwa Julai. Nikakifukia kitako kwenye mfuko mweusi wa plastiki uliojaa mchanga wa choo cha paka (mpya, tafadhali), nikauweka kwenye dashibodi ya gari lililofungwa vioo. Jua lilifanya kazi. Jioni mchanga ulikuwa umegandamana, umelowa, na harufu yake kama gereji ya matatu. Nikarudia siku nne, nikibadilisha mchanga, mpaka ukatoka mkavu.

Halafu mabonde. Kitako kilikuwa na mabonde kila upande, na nilikuwa nimeshika msasa tayari kuyasawazisha. Usifanye hivyo. Bonde si mbao iliyopotea, ni nyuzi zilizolala. Lowesha kitambaa cha pamba, kikunje juu ya bonde, gusa kwa ncha ya pasi iliyopata moto. Inalia chiii, mvuke unapanda, unainua na kutazama: bonde limepungua nusu. Mara ya tatu au ya nne limekwisha. Mke wangu alisimama mlangoni akitazama pasi yake ikipiga pasi bunduki, hakusema neno, na kesho yake tulikuwa na pasi mbili nyumbani. Pale ambapo nyuzi zimekatika kabisa, mvuke hausaidii. Niliacha makovu mawili ya namna hiyo.

Msasa ukiufikia, ufunge kwenye kipande cha mbao au kifutio kikubwa, ufuate mkondo wa mti. Nilianza na msasa wa namba 180, nikaenda 220, nikamalizia 320 ulio laini zaidi. Kati ya hatua, futa kwa kitambaa chenye maji, acha ikauke, nawe utahisi vinyweleo vimesimama, viondoe tena. Usiguse ndani ya mti wa mbele, hasa sehemu mbili za nyuma zinazopokea msukumo wa risasi. Ukipunguza pale, chuma kitacheza ndani ya mti, na shabaha imekwenda. Kadhalika kingo zinazokutana na chuma: ukizilainisha, mbao itazama chini ya chuma.

Kwenye mafuta nilikosea mara mbili. La kwanza ni haraka. Nilimwaga mengi, nikayaacha "yanywe". Baada ya siku tano kitako kilikuwa kinanata kama sahani ya asali, na baridi ya Oktoba gerejini haikusaidia. Nikayatoa yote kwa tapentaini na stili wulu, nikahamia ndani penye joto. Mafuta yanatakiwa matone machache kiganjani, unasugua mpaka mkono upate moto, kisha unafuta kila kinachobaki juu. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, nikamwomba babu radhi. Mafundi wa zamani walisema mara moja kwa siku wiki nzima, mara moja kwa wiki mwezi mzima, mara moja kwa mwezi mwaka mzima. Mimi nilikuwa nimefika siku ya nane tu, na ile walnati ikaanza kuonyesha mistari yake, kahawia yenye wekundu kwa ndani.

La pili lingeweza kuniunguzia nyumba. Matambara niliyofutia niliyafinyanga, nikayatupa kwenye pipa la taka. Nilirudi baadaye kuchukua kikombe changu, nikasikia harufu ya kuungua. Pipa lilikuwa linatoa moshi, na hakukuwa na moto wowote karibu. Mafuta ya linsidi yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulihifadhi mpaka kiwake chenyewe. Sasa nina kopo la chuma lenye maji na kifuniko. Kila tambara huingia humo kabla sijanawa mikono, na kopo linakaa nje, hatua kumi kutoka ukutani.