Dawa ya MRI inayoitikia zinki

SWALI: Mama yangu alipigwa picha ya MRI akadungwa dawa yenye gadoliniamu. Mimi nasoma kemia, na nimesikia kuna dawa za namna hiyo zinazong'aa pale tu zinapokutana na zinki au kalsiamu. Zinatambuaje? Na mbona mama hakupewa hiyo?

JIBU: Mpe mama pole. Aliyopewa ni ya kawaida, hung'arisha popote inapofika. Hizo unazouliza nimezishughulikia maabara miaka mingi na bado nazipenda, basi niwie radhi nikirefusha.

MRI haiioni gadoliniamu yenyewe, inapokea ishara za protoni za maji. Ioni ya gadoliniamu ina elektroni 7 zisizo na jozi. Molekuli ya maji ikiigusa, protoni zake hutulia upesi na picha hung'aa. Gadoliniamu ikiwa huru ni sumu, kwa hiyo tunaibana ndani ya molekuli kubwa na kubakiza nafasi moja ya maji kuingia na kutoka. Ujanja uko kwenye nafasi hiyo. Mwaka 1999 mwanakemia Thomas Meade na wenzake walieleza dawa ambayo mikono yake ya asidi huilalia gadoliniamu na kuyazuia maji. Kalsiamu ikifika, mikono huigeukia, maji yanapita, na nguvu ya kung'arisha inapanda kwa takribani asilimia 80.

Ya zinki ninayoipenda kuliko zote ilitoka kwa kundi la mtafiti Dean Sherry huko Dallas, Marekani, nayo hufuata njia nyingine kabisa. Hukamata ioni 2 za zinki, kisha hujishikiza kwenye albumini, protini ya damu. Kwa kuwa albumini ni kubwa, dawa huanza kuzunguka polepole, na hapo gadoliniamu hung'arisha zaidi. Seli za beta za kongosho humwaga insulini pamoja na zinki. Katika utafiti uliotoka mwaka 2011, panya walipewa glukosi na kongosho lao likang'aa. Kwa wale ambao seli hizo zilikuwa zimeharibiwa, halikung'aa. Yaani unakiona kiungo kikiwa kazini, si umbo lake tu!

Tezi dume yenye afya nayo ina zinki nyingi, na saratani huipunguza zinki hiyo. Ndiyo maana wengi wetu tunaitazama dawa hii kwa hamu.

Kinachozikwamisha dawa hizi zisimfikie mgonjwa kama mama ni hiki: sehemu ikibaki na giza, ni zinki iliyokosekana au ni dawa ambayo haikufika? Picha peke yake haisemi, na daktari hawezi kuamua matibabu ya mtu kwa picha yenye maana mbili. Kalsiamu ni ngumu zaidi, kwani nje ya seli imejaa muda wote, na dawa nyingi za gadoliniamu haziingii ndani ya seli. Njia ninayoiamini ni kuifunga dawa hiyohiyo na atomu yenye mionzi, kama florini-18, ili PET, kipimo kinachonasa mionzi hiyo, ipime kiasi kilichofika na MRI ionyeshe kilichoitikia.