Kibubu cha babu kimejaa sarafu za zamani, nianzie wapi?

Swali: Kaka habari, babu yetu alifariki mwaka jana Tabora, aliwahi kufanya kazi reli. Katika kugawana vitu nimeachiwa mimi debe la sarafu, kama 600 hivi: kuna zenye tundu, kuna za simba, kuna za Nyerere, nyingine zina maandishi ya Kiarabu. Mtu kaja anataka kuchukua debe zima kwa laki moja na nusu. Niuze? Na nizioshe kwanza na nini maana zimeweka ukungu wa kijani?

Jibu: Dada, pole kwanza na msiba. Usiuze, na hicho kitu cha kuosha futa kabisa kichwani. Nimefanya kazi hii ya kununua na kuuza sarafu miaka mingi na hasara kubwa naziona kwenye limau, majivu na stilwaya. Mimi mwenyewe nikiwa naanza niliipata rupia moja ya Mjerumani ina weusi wake mzuri tu, nikaisugua na dawa ya meno ikang'aa kama sahani ya harusi, mnunuzi akaigeuza mara moja chini ya taa akaona mikwaruzo, akanipa bei ya fedha ya kuyeyusha basi. Ule weusi ndio ulikuwa hela yangu. Kama ina udongo loweka kwenye maji safi usiku kucha, kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, usisugue, na uishike pembeni sio usoni.

Sasa kuchambua. Tandika shuka mezani karibu na dirisha, anza kwa kutenga kwa serikali, sio kwa rangi wala ukubwa. Za Nyerere, yaani 5 senti ya samaki, 20 senti ya mbuni, 50 senti ya sungura na shilingi ya mwenge, weka upande, zilitoka kuanzia 1966 na zilitolewa nyingi mno, watoto wachezee. Ila ukiona ya 1974 yenye twiga (shilingi 25) au kifaru (shilingi 50) hiyo irudishe mezani haraka, ni za fedha, zilitengenezwa kwa ajili ya kuchangia uhifadhi wa wanyama.

Za simba mbele ya milima ni shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza 1921. Hapa watu wanachanganya sana. Zile za mpaka 1946 zina fedha robo tu, uzito gramu 7.78 kwa hiyo fedha yenyewe haifiki gramu 2, na kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Halafu kuna peni zenye tundu, senti 5 na senti 10, watu watakuja wanakwambia ya 1936 yenye jina la Edward wa nane ni mamilioni kwa sababu mfalme alikaa miezi kisha akaachia kiti. Ni kweli aliachia, lakini sarafu hizo zilipigwa kwa wingi sana, mimi ninazo kopo zima. Usidanganywe na mwaka.

Zenye Kiarabu soma kama ulipitia chuo, au mpe mtu asome. Ukikuta mizani upande mmoja ni pesa ya Zanzibar ya Sayyid Barghash, mwaka 1299 wa hijria, shaba, zipo nyingi. Ikiwa na tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili ni pesa ya ile kampuni ya Wajerumani ya 1890 mpaka 1892. Hizo mbili ni nzuri zikiwa safi, zikiwa zimelika maandishi hazina soko. Ile kubwa ya mama mnene yenye 1780 ni reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, na hapo usiruke kwa furaha, imeendelea kupigwa na mwaka huohuo mpaka enzi zetu, inauzwa kwa uzito wake, inatakiwa iwe gramu 28 na kidogo.

Tukifika kwa Mjerumani ndio moyo wangu unadunda, hasa kwa kuwa babu alikuwa reli Tabora. Rupia ya fedha ina Kaiser amevaa kofia yenye tai, gramu 11.66, ndani yake fedha safi kama gramu 10.7 hivi, kwa hiyo hata ikichakaa ina thamani yake. Ukikuta ya rupia mbili, 1893 au 1894, usimwonyeshe mtu yeyote kabla hujanipigia. Hela (neno lenyewe limetoka hapo, heller) angalia herufi ndogo inayoonyesha mji ilikopigwa. A ni Berlin, J ni Hamburg, ila T ni Tabora. Vita vya kwanza vya dunia vilipowakatia Wajerumani njia ya bahari, 1916 wakaanza kupiga sarafu zao wenyewe kwenye karakana ya reli hapohapo, hela 5 na hela 20 za shaba, kazi ya mkono wa haraka, nyingine zimepinda, maandishi yamekaa kombo, na ubaya huohuo ndio unaotafutwa. Hela 20 sio adimu sana lakini taji lake kuna kubwa na dogo, na mkia wa herufi L unabadilika, michanganyiko mingine inalipa vizuri. Kuna na ya dhahabu, rupia 15 yenye tembo, zilipigwa 16,198 tu. Ukiipata mshukuru Mungu lakini usiamini hata kidogo, feki ni nyingi. Ya kweli ni gramu 7.17, mpe sonara apime mbele yako, asiikwaruze.

Mizani ya dijitali ya sonara na sumaku ya friji vinatosha kwa kazi yote hii. Fedha, shaba na dhahabu havivutwi na sumaku, ikiganda hiyo ni chuma. Na watakaokupigia simu wakiuliza kama unayo "rupia inayovuta mchele" kata simu, watakuomba hela ya kupimia na ndio utakuwa umeliwa.

Kitu kimoja nje ya ufundi. Kama kwenye mgawo debe ni la kwako peke yako, sawa, ila wakikuona na dhahabu ndugu wataanza kukumbuka, hesabuni pamoja kabla, mwandike. Na kama kuna zilizochimbwa chini ya magofu, hizo usiuze, kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kinaingia kwenye sheria ya mambo ya kale.

Ukimaliza kutenga weka kila moja ya Mjerumani kwenye bahasha ndogo ya karatasi, sio nailoni laini, ile inatoa utelezi wa kijani. Halafu nipigie picha zote zenye T, mbele na nyuma, mchana, rula pembeni, hata zilizochakaa, nione taji na hizo L.