Mafundi wameridhia malipo madogo: je, mali yangu ni halali?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Maalim. Nina karakana ya milango ya nakshi hapa Lamu. Nina vijana watano, wawili mafundi na watatu wanagenzi. Nawalipa chini ya kima cha serikali, lakini tulipatana kwa mdomo na wameridhia. Mara nyingine mteja wa Shela hukawia kunilipa, nami huwaambia vijana wasubiri. Ada za kaunti zaniuma, mbao ni ghali, na milango ya kiwandani yaletwa kwa bei rahisi. Nimesikia Mtume (s.a.w.) alikataa kuwapangia watu bei. Je, amri ya serikali yanifunga kidini? Na nilichokula mpaka leo ni halali?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah akulipe kheri kwa kuuliza. Wengi wenye karakana hawaulizi, na wanaowafanyia kazi wanaogopa kuuliza.

Nianze na huko kusubiri, kwani hapo hapana khitilafu. Vijana hawakupatana na mtu wa Shela, walipatana nawe. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kumpa mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika Sahihi Bukhari, Abu Huraira amepokea kwamba Allah amewataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, kazi ikatimia, asimpe ujira wake. Mteja akikuagiza mlango, chukua kwake mbele fedha ya kutosha mishahara, kabla hujapasua ubao wa kwanza. Asipotoa, basi hatari ya biashara ni yako, si ya mtu anayeondoka jioni na patasi mkononi akiwaza atapika nini.

Ama ridhaa, ni kweli kwamba dhiki ya mtu peke yake haibatilishi mapatano. Lakini wewe wamjua kijana wako, kwao wapajua, na wajua hana karakana nyingine ya kwenda. Huko kuridhia ni kwa ulimi. Nabii Shuaybu aliwaambia watu wake wasiwapunguzie watu vitu vyao (7:85), na jasho la mtu ni kitu chake.

Hadithi uliyoisikia ni sahihi. Bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume awapangie, akasema Allah ndiye mwenye kupanga bei, na kwamba anataraji kukutana na Mola wake bila ya mtu kumdai dhuluma ya damu wala mali. Sisi wa pwani ni Mashafii, yaani twafuata madhehebu ya Imam Shafii, nayo yakataza kwa uzito mtawala kupanga bei sokoni. Lakini itazame sababu aliyoitaja mwenyewe: alichelea dhuluma. Vipi hadithi iliyokuja kuzuia dhuluma iwe ngao ya kumpunja kibarua? Mwanachuoni Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, alipofafanua jambo hili alisema watu wakihitaji kazi ya mafundi, mtawala aweza kuwalazimisha kwa ujira wa mfano, yaani ule apatao mwenye kazi kama hiyo: mafundi wasidai zaidi ya haki yao, wala watu wasiachwe kuwadhulumu kwa kuwapa chini yake. Na wanazuoni wana kanuni kwamba kilichojulikana kwa desturi ni kama kilichoshurutishwa. Anayeajiri Kenya leo anajua kuna kima cha chini, nacho kiliongezwa kwa asilimia 6 mwaka 2024. Kwa hiyo naona amri hiyo yakufunga. Kima hutofautiana kwa mji na kwa daraja la ufundi, basi nenda ofisi ya kazi ukaulize chako ni kipi. Uliza pia habari ya kibarua: kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, aliyekufanyia kazi mfululizo mwezi mzima hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku.

Wanagenzi ni suala jingine. Elimu ya nakshi ina thamani, na yafaa kuwa sehemu ya malipo, ila muda ujulikane. Yule mzee wa Madyan alipomwajiri Musa (a.s.) alitaja miaka 8, na kumi ikiwa Musa atapenda mwenyewe, kisha akasema, "Sitaki kukutaabisha" (28:27). Wako wanagenzi wanaoitwa hivyo mwaka wa nne, na milango waliyoichonga imeshauzwa. Huyo ni fundi, mlipe kama fundi.

Malalamiko yako juu ya ada na bidhaa za nje nayapokea. Utendaji wa mtawala juu ya raia umefungamana na maslahi yao; ndivyo wanavyosema mafakihi wetu, na serikali inayofunga karakana za wenyeji kwa ada itaulizwa. Kusanyikeni mafundi, mwende kwa kaunti mkaseme. Lakini ukionewa na mkubwa, huna ruhusa ya kumshushia mdogo wako uonevu huo.

Ya nyuma: faida yako yote si haramu. Kilichopungua katika haki yao ni deni shingoni mwako. Kaa nao, waeleze kiasi, lipa kidogo kidogo. Akikusamehe mtu baada ya kujua hesabu, sawa. Aliyehama mtafute, wakumbuka wale watatu wa katika hadithi waliozibiwa pangoni na jabali. Mmoja wao aliachiwa ujira na kibarua aliyeondoka, akauzalisha mpaka ukawa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Kibarua aliporudi kudai, akaambiwa vyote avionavyo ni ujira wake, alidhani anafanyiwa mzaha. Akavichukua vyote. Wewe hukuombwa ng'ombe, waombwa tofauti ya mshahara tu. Aliyekufa wape warithi wake, na usiyempata kabisa mtolee sadaka kwa niaba yake, na akitokea baadaye akaidai, mlipe.

Wallahu aalam.