Ukienda Burj Khalifa, anzia chini

Wageni wanaofikia kwangu Dubai huniuliza swali lilelile: kwa kutazama mji kutoka juu ya Burj Khalifa, wanunue tiketi ya ghorofa ya 124 au ya 148? Mimi huwajibu wanunue ya 124, na kabla ya kupanda wajipe saa nzima ya kuuzunguka mnara wakiwa chini. Wengi huona kama ninawabania raha. Lakini ukishafika juu, mnara wenyewe huuoni tena, na kilichokuleta ni mnara.

Simama kwenye daraja dogo la kati ya Dubai Mall na Souk Al Bahar, kisha inua macho polepole. Utaona jengo lina mbawa tatu zilizotoka kwenye kiini kimoja, kama herufi Y ukilitazama kutoka angani. Kiini hicho ndicho kinachobeba lifti, na kila ubawa unazishikilia nyingine mbili zisijipinde. Mpango huo ni wa mhandisi Bill Baker, aliyekuwa kampuni moja na msanifu Adrian Smith, Skidmore, Owings & Merrill ya Chicago.

Sasa angalia jinsi mbawa zinavyokatika kadiri zinavyopanda, mmoja baada ya mwingine, kwa mzunguko. Kuna mikato zaidi ya 20. Mtu hudhani ni urembo tu, kumbe hapo ndipo penye akili yote ya jengo hili. Upepo ukipiga jengo refu lenye umbo moja toka chini hadi juu, hutengeneza mizunguko ya hewa inayochomoka kushoto, kulia, kushoto, kulia, kwa mpigo mmoja. Mpigo huo ukiafikiana na mwendo wa jengo lenyewe, jengo huanza kuyumba zaidi na zaidi. Hapa kila kimo kina upana wake, kwa hiyo mizunguko ya chini haipatani na ya katikati, wala ya katikati na ya juu. Upepo unachanganyikiwa. Kabla ya kufikia umbo hili walifanya majaribio zaidi ya 40 ya upepo kwa vielelezo vidogo, na baada ya baadhi ya majaribio wakaamua hata kuligeuza jengo zima lielekee upande mwingine.

Shemeji yangu ni fundi wa zege. Nilipompeleka hakujali mandhari hata kidogo, alitaka kujua zege lilifikaje huko. Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa pale! Lilisukumwa kwa pampu zilizokaa chini kabisa, likapanda ndani ya bomba hadi mita 606, rekodi ya dunia wakati huo. Kwa joto la Dubai wakati wa kiangazi, zege lingewahi kuganda kabla halijafika, kwa hiyo walimwaga usiku na kuchanganya barafu kwenye maji yake. Zege linaishia karibu na ghorofa ya 156, na kutoka hapo kwenda juu ni chuma kitupu. Ncha yenyewe, yenye urefu wa zaidi ya mita 200, iliunganishwa vipande vipande ndani ya jengo, kisha ikasukumwa kutokea juu kwa jeki za haidroliki. Shemeji alisimama pale akatikisa kichwa hadi nikamvuta mkono.

Chini ya miguu yako kuna nguzo 192 za zege, kila moja ikiwa na kipenyo cha mita 1.5, zilizochimbiwa hadi kina cha mita 50 hivi, na juu yake bamba la zege lenye unene wa mita 3.7. Maji ya ardhini hapo yana chumvi kali inayokula nondo, ndiyo maana msingi uliwekewa kinga ya umeme dhidi ya kutu.

Uchimbaji ulianza Januari 2004 na mnara ukafunguliwa tarehe 4 Januari 2010. Siku hiyo ndipo jina la Burj Dubai lilipoachwa, ukapewa jina la Sheikh Khalifa bin Zayed, mtawala wa Abu Dhabi wakati huo, wiki chache tu baada ya Abu Dhabi kuiokoa Dubai na madeni kwa dola bilioni 10. Kazi ilipopamba moto kulikuwa na watu wapatao 12,000 kwa siku, wengi wao kutoka Asia ya Kusini, na malipo yao yalikuwa madogo. Mwezi Machi 2006 walichachamaa, wakagoma, wakavunja magari na ofisi. Njia ya kuelekea lifti ina maonyesho ya ujenzi. Watu huyapita mbio kuwahi foleni. Usikimbie.

Kuhusu tiketi. Nunua mtandaoni mapema, kwa sababu kila tiketi ina saa yake, na saa za machweo ndizo ghali zaidi. Mimi huwapeleka watu asubuhi: bei iko chini, foleni ni fupi. Tena asubuhi za majira ya baridi kuna zawadi usiyoambiwa na wauza tiketi: kivuli cha mnara huanguka upande wa baharini, kikivuka Barabara ya Sheikh Zayed na kulaza ncha yake juu ya mapaa ya watu. Hapo ndipo pekee utakapouona mnara ukiwa ndani yake. Ila alfajiri kabisa, hasa Desemba na Januari, ukungu unaweza kukufunikia kila kitu, na kiangazi vumbi hufanya bahari isionekane vizuri. Chungulia anga kabla ya kulipa.

Lifti huenda kasi ya mita 10 kwa sekunde, dakika moja hivi umefika. Masikio yakiziba, meza mate. Ghorofa ya 124 iko mita 452 na ina baraza la wazi, na kati ya vioo vyake mna nafasi nyembamba ya kupitishia kamera. Kwenye vioo vya ndani, vaa nguo nyeusi usijipige picha mwenyewe bila kutaka. Ghorofa ya 148 iko mita 555. Tofauti ya mita mia moja na ushee haiibadilishi Dubai, magari tu yanazidi kuwa madogo. Kule unalipia utulivu, kahawa na watu wachache. Kama una mzee asiyeweza kusukumana, hapo nitakubali ulipe. Na hata huko bado hujafika popote karibu na mita 828, urefu wa mnara mzima: ghorofa ya mwisho inayokaliwa iko mita 585, na zinazobaki 243 ni ncha na mitambo.

Ukija mwezi wa Ramadhani, jua kwamba wakazi wa juu hulitazama jua kwa muda mrefu kuliko wa chini. Mwaka 2011 mufti wa Dubai alieleza kuwa walio juu ya ghorofa ya 80 wangoje dakika 2 zaidi kabla ya kufuturu, na walio juu ya 150 dakika 3.

Wapo wanaoniambia wasubiri Mnara wa Jeddah, unaokusudiwa kupita mita 1,000 na uliochorwa na Adrian Smith huyohuyo. Ujenzi wake ulisimama kwa miaka, ukaanza tena Januari 2025. Nani anajua watangoja hadi lini.

Jioni rudi kwenye lile daraja uone taa na chemchemi, lakini ondoka kabla onyesho halijaisha. Kutoka Dubai Mall hadi kituo cha metro ni mwendo mrefu kwenye daraja lenye kiyoyozi, na kila mtu huamua kuondoka dakika ileile.